Mwenye Nyumba ni Nani? Hali za Kaya na Uimarishaji wa Nyumba za Pwani Dhidi ya Upepo na Mvua Kubwa

Ikisiri

Miongozo ya kujikinga na maafa katika pwani ya Afrika Mashariki na Visiwa vya Komoro huielekea kaya kana kwamba kaya ndiyo inayoimiliki nyumba, ndiyo inayoishi ndani yake na ndiyo yenye kauli juu ya matengenezo yake. Makala haya yanaeleza kwamba mambo hayo matatu mara nyingi yamo mikononi mwa watu tofauti, na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama paa litafungwa kabla ya upepo au litaezekwa upya baada yake. Mifano imetolewa Mafia na Kilwa, Unguja, Mombasa, Lamu na Ngazidja. Makala yanazingatia pia lugha ya tahadhari zinazotolewa kwa umma, kwa kuwa maneno yanayotumika humo huficha tofauti hizo kuliko yanavyozifichua.

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliufikia mwambao wa Tanzania karibu na kisiwa cha Mafia. Nguvu yake ilikuwa inapungua, lakini mvua iliyoandamana nacho ilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na upepo ukaezua nyumba. Mwezi huohuo kimbunga kingine, Ialy, kilisogea karibu na pwani ya Kenya. Miaka mitano kabla yake, tarehe 24 Aprili 2019, Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazidja, na kesho yake kikaingia Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako kisiwa cha Ibo kiliharibiwa vibaya.

Mambo haya si mageni kabisa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo vilivyokuwa bandarini. Kile cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi. Hata hivyo, kati ya tukio moja na jingine zimepita nyakati ndefu, kwa sababu vimbunga huishiwa nguvu kadiri vinavyoikaribia ikweta, na sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili iko karibu nayo. Ujenzi wa pwani kwa hiyo ulikua ukijibu joto, mvua ya masika, chumvi na mchwa. Upepo wa kuezua haukuwa mgeni wa kila mwaka, na fundi hakulazimika kumfikiria kwanza. Leo kaya inayoambiwa ijiandae inaombwa itoe fedha za mwaka huu kwa ajili ya upepo ambao huenda usije katika umri wa mwenye kuzitoa.

Swali linalofaa kuulizwa, basi, ni hili: baada ya upepo kupita, kwa nini kati ya nyumba mbili za jirani, zilizojengwa kwa udongo uleule na fundi yuleyule, moja huimarishwa na nyingine hurudishwa ilivyokuwa? Majibu mawili hutolewa kwa wepesi: kwamba watu hawana elimu, au kwamba hawana fedha. Jibu la kwanza haliwatendei haki watu waliozaliwa wakisoma kaskazi na kusi. La pili ni kweli, lakini ni kweli iliyo pana mno, kwani wapo wenye fedha ambao nyumba zao zimeachwa kama zilivyo, na wapo mafukara waliofunga kila kombamoyo kwa waya.

2.0 Neno kaya na mipaka yake

Katika takwimu za Tanzania, kaya ni kundi la watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wawe ndugu au wasiwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa kaya ukawa watu 4.3. Sensa hiyohiyo iliambatana na sensa ya majengo. Kutenganishwa kwa hesabu hizo mbili ni jambo la kushukuriwa, maana ni kukiri kwamba jengo na kaya havilingani: jengo moja huweza kuwa na kaya sita, na kaya moja huweza kuwa na majengo mawili.

Katika mipango ya misaada, hata hivyo, kaya hurudi kuwa kila kitu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF huitambua kaya, huiandikisha kaya na huilipa kaya. Fomu za tathmini ya maafa huuliza jina la mkuu wa kaya kisha huhesabu nyumba iliyobomoka chini ya jina hilo. Mkuu wa kaya anadhaniwa kuwa mwenye nyumba.

Neno lenyewe lina historia inayostahili kukumbukwa hapa. Kwa Wamijikenda kaya ni boma la kale lililozungukwa na msitu, makao ya ukoo mzima. Misitu hiyo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mtu wa Kilifi anapolisikia neno hilo hasikii chungu kimoja na watu wanne. Kiswahili sanifu kimelibana neno hadi likatosha katika safu ya fomu, na ubanaji huo una manufaa yake kwa mtakwimu. Lakini nyumba haijengwi wala haikarabatiwi na watu wa chungu kimoja peke yao. Mara nyingi hujengwa na ukoo, na ukoo ndio unaobaki na kauli juu yake.

Bahari imelipatia jambo hili msamiati ulio sahihi zaidi kuliko nchi kavu. Chomboni kuna mwenye chombo, kuna nahodha na kuna baharia, na hakuna anayewachanganya. Mwenye chombo anaweza kuwa mjini akisubiri sehemu yake. Nahodha ndiye anayeamua kutua tanga. Baharia ndiye atakayezama. Kwenye nyumba watu hawa watatu wapo pia, ila lugha ya miongozo imewaita wote kaya.

3.0 Nyumba yenyewe na mahali inaposhindwa

Kabla ya kuwazungumzia watu, yafaa kuutazama mjengo. Nyumba ya kawaida ya kijiji cha pwani ina nguzo zilizochimbiwa ardhini, fito zilizofungwa kwa mlalo, na udongo uliokandikwa kati yake, wakati mwingine pamoja na vipande vya matumbawe. Juu yake kuna mwamba unaobeba makombamoyo, kisha makuti au mabati. Ya mjini, ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, ina korido katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma na baraza mbele.

Upepo mkali hauisukumi nyumba tu. Hulivuta paa kwenda juu. Paa lenye mwinamo mdogo huvutwa zaidi kuliko paa lililosimama wastani. Paa la pande nne huhimili kuliko la pande mbili, ambalo kuta zake za pembe tatu hupigwa na upepo moja kwa moja. Sehemu ya kwanza kung'oka huwa ni upenu na paa la baraza, hasa baraza lililounganishwa na paa kuu, kwani likinyanyuliwa hunyanyuka na jirani yake. Kinachozuia yote haya ni mfululizo wa vifungo: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi au kombamoyo, kombamoyo kwenye mwamba, mwamba kwenye nguzo, nguzo ardhini. Kifungo kimoja kikiwa dhaifu, vingine havisaidii kitu. Vifungo hivyo, iwe waya au mkanda wa chuma, ni sehemu ndogo ya gharama ya paa zima.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, kwa sababu ushauri wa kiufundi unaoonekana mwepesi huishia kugusa hali ya kaya. Mshauri husema: punguzeni upenu. Upenu mrefu, kweli, ni mkono ulionyoshwa kwa upepo. Lakini upenu huohuo ndio unaoukinga ukuta wa udongo na mvua ya masika. Ukipunguzwa, mvua hula ukuta kutoka chini, na baada ya masika mawili nguzo huwa nje. Upenu hupunguzwa salama na yule tu aliyekwisha kupiga plasta ya saruji au kujenga kwa matofali. Mwenye ukuta wa udongo anayeambiwa apunguze upenu anaambiwa achague kati ya upepo wa nadra na mvua ya kila mwaka, na akiikataa nasaha hiyo amekata shauri la mtu mwenye akili.

Suala la bati ni la namna hiyo. Makuti huoza na kuhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, hushika moto, na upepo huyapeperusha. Lakini makuti yakipeperuka hayamkati mtu, na kaya yenye minazi na mikono huweza kuezeka upya bila ya kwenda dukani. Bati likiezuliwa huruka kama panga, na kulirudisha kunataka fedha taslimu. Karibu na bahari chumvi huanza kwa kula vichwa vya misumari, na bati jembamba la geji 30 hutoboka pale penye msumari kabla ya mahali pengine. Familia nyingi zimehama kutoka makuti kwenda mabati zikiyaweka juu ya makombamoyo yaleyale yaliyokuwa yakibeba makuti, bila ya kuongeza vifungo. Nyumba hizo huonekana bora kuliko zilivyokuwa, na kwa mvua ni bora kweli. Kwa upepo zimekuwa hatari zaidi.

Jambo hilo lina athari ya kisera ambayo haijapewa uzito wake. Tafiti nyingi za hali ya maisha hutumia aina ya paa kuwa kiashiria cha ustawi. Mjane aliyenunuliwa bati jembamba na mwanawe huhesabiwa miongoni mwa waliopiga hatua, na huenda akapungukiwa na sifa za kusaidiwa, ilhali paa lake ndilo litakaloondoka la kwanza.

4.0 Nani ana kauli juu ya paa

4.1 Nyumba isiyo na ardhi

Mjini Mombasa na Malindi uko utaratibu uliozoeleka tangu enzi za ukoloni wa mtu kumiliki nyumba bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Anaweza kuipangisha nyumba, kuiuza au kuirithisha, lakini kiwanja si chake. Wenye ardhi wengi hawakuruhusu ujenzi wa kudumu, kwa kuwa nyumba ya mawe ni ngumu kuiondoa na humpa aliyeijenga nguvu ya kudai. Ndiyo maana katika mitaa hiyo udongo na boriti vilidumu hata kwa familia zilizokuwa na uwezo wa saruji. Udhaifu wa nyumba ulikuwa sharti la kuruhusiwa kukaa. Kumpelekea mtu wa namna hiyo kijitabu cha kujenga msingi imara ni kumshauri avunje makubaliano yanayompa pa kulala.

4.2 Nyumba ya mirathi

Katika miji ya pwani, pamoja na Mji Mkongwe wa Zanzibar, zipo nyumba ambazo mwenyewe alifariki na warithi hawajagawana. Sheria ya Kiislamu inaeleza mafungu kwa uwazi: mjane aliyeachwa na watoto hupata thumni, mwana wa kiume hupata mafungu mawili kwa fungu moja la binti. Mafungu hupatikana kwa urahisi kwenye fedha. Nyumba yenye vyumba vinne na warithi tisa haigawanyiki hivyo, na kuiuza ni kuvunja nyumba ya wazee. Basi huachwa. Mara nyingi anayebaki ndani ni mama mzee au binti aliyerudi baada ya talaka, yaani wenye mafungu madogo. Akitengeneza paa kwa fedha zake, ametengeneza mali ya watu tisa, na siku ya kuuza hana hakika kwamba atarudishiwa. Akiomba wote wachange, aliye Dar es Salaam atasema aliye Muscat aanze. Maji huendelea kuingia. Umaskini wa warithi si sababu hapa, maana baadhi yao wana kipato kizuri; sababu ni kwamba hakuna hata mmoja aliye na kauli nzima.

4.3 Mpangaji na mwenye nyumba

Kwa mpangaji neno mwenye nyumba lina maana moja tu: anayepokea kodi. Mpangaji wa chumba kimoja Tanga au Temeke, aliyelipa miezi sita mbele, hana sababu ya kununua waya wa kufungia paa ambalo si lake, na akilifunga huenda kodi ikapanda. Picha ya mwenye nyumba kuwa tajiri, hata hivyo, haifai kwa nyumba ya Kiswahili. Mara nyingi mwenyewe ni mama mjane anayeishi katika chumba kimojawapo na kula kodi ya vyumba vingine. Kodi hiyo ndiyo mboga na ndiyo dawa. Kumwambia aifungie paa ni kumwambia ale nini mwezi huo. Kati ya watu hawa wawili, chini ya paa moja, kila mmoja ana sababu ya kweli ya kungoja.

5.0 Nyumba ya mwanamke

Mjadala wa makazi na jinsia katika ukanda huu huanzia kwenye dhana kwamba mwanamke hana nyumba. Kwa sehemu kubwa ya bara dhana hiyo ina msingi. Pwani imejaa mifano inayoikataa. Miongoni mwa familia za waungwana wa Lamu ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba, au ghorofa juu ya nyumba, anapoolewa, na mume akahamia kwa mkewe. Katika utafiti wake kuhusu Mafia, uliochapishwa mwaka 1975, Pat Caplan alieleza jamii inayofuata nasaba ya pande zote mbili, ambamo haki ya mtu katika mali humjia kwa baba na kwa mama.

Ngazidja imekwenda mbali zaidi. Chini ya utaratibu uitwao manyahuli, nyumba na baadhi ya mashamba hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mabinti, ndani ya ukoo wa kikeni unaoitwa hinya, na mali hiyo haiuzwi wala haigawanywi ovyo. Utaratibu huu umeishi pamoja na mirathi ya Kiislamu kwa muda mrefu. Mume huja kukaa kwa mkewe. Wanaojenga ni baba, kaka na mjomba, na wanajenga kwa ajili ya msichana ambaye siku moja atafanyiwa ndoa kuu. Fedha nyingi hutoka kwa walio Ufaransa, hasa Marseille, na hufika pamoja nao wanaporudi likizo wakati wa harusi.

Kwa mtazamo wa upepo, mpangilio huu una uzuri na una kasoro. Uzuri wake ni kwamba mwanamke hafukuzwi. Talaka haimwondoi chini ya paa, na nyumba ina ukoo mzima nyuma yake. Kasoro ni kwamba fedha hufuata kalenda ya heshima. Zege humwagwa, ghorofa hupandishwa, nondo huachwa zimechomoza juu zikingoja ghorofa ijayo, na kwa miaka mingi sehemu inayokaliwa hufunikwa kwa mabati yaliyoegeshwa na kuwekewa mawe. Mabati hayo ni ya muda katika nia ya familia, lakini upepo huyakuta yapo. Mume anayelala humo hana deni la kuyafunga kwa kuwa nyumba ni ya wakeze na shemeji zake. Kaka yuko ng'ambo. Na mwenye nyumba mwenyewe, ambaye ndiye anayesikia bati likigonga usiku, hangependa kutumia fedha za ndoa kuu kwa kitu kisichoonekana. Na wako wasiofikia hata hapo: familia ambazo nyumba yao yote, kuta na paa, ni mabati. Kwa hao ukoo upo, ila hakuna aliye ng'ambo.

Kuna pia hadithi ya zege lenyewe. Kwa miaka mingi mchanga wa ujenzi Komoro umechotwa ufukweni. Mchanga wa bahari usiooshwa una chumvi inayokula nondo kutoka ndani, na ufuo uliochotwa huacha mawimbi yakaribie zaidi. Nyumba inayojengwa iwe imara huidhoofisha ile iliyo chini yake karibu na maji, na mara nyingi nyumba hizo mbili ni za watu wa mji mmoja.

6.0 Majira ya fedha na majira ya upepo

Kipato cha mwaka, kinachoandikwa katika tafiti kwa tarakimu moja, hakisemi fedha zinafika lini. Mtwara na Lindi mkulima wa korosho hulipwa kuanzia mwishoni mwa mwaka, baada ya minada. Ndiyo miezi ambayo mabati hununuliwa, na ndiyo inayotangulia masika. Majira yanaafikiana. Akicheleweshewa malipo hadi Machi, atanunua bati mvua ikiwa imeanza, kwa haraka, na fundi atapigilia misumari michache.

Kwa mvuvi mambo ni kinyume. Miezi ya kaskazi bahari hutulia na kipato huwa kizuri. Kusi ikianza, vyombo vidogo hukaa ufukweni. Hidaya kilikuja mwanzoni mwa Mei, masika haijaisha na kusi ndiyo inaingia, wakati ambao mvuvi hana akiba wala hawezi kuitafuta. Mvuvi aliyeezuliwa wakati huo hukopa, na mkopo hulipwa kwa samaki wa msimu ujao, wale ambao wangenunua boriti.

Mfano wenye mafunzo zaidi uko mashariki mwa Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani hufuata bamvua, kwa hiyo fedha zake zilikuwa ndogo lakini za mara kwa mara, na zilikuwa za mwanamke mwenyewe. Kwa fedha hizo wanawake walinunua matofali machache kila baada ya mauzo, wakaingia upatu, wakajenga vyumba na kuezeka mabati. Ujenzi wa kidogo kidogo, ambao wapangaji wa miji huutazama kama dalili ya pagale, ulikuwa benki yao. Maji ya bahari yalipozidi joto, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ikaanza kufa katika maji mafupi ambayo wanawake huyafikia kwa miguu. Hali ya hewa, hivyo, haikungoja kulifikia paa. Ilianza na fedha za kulitengenezea. Miradi inayotenganisha dawati la mwani na dawati la makazi hukosa kuuona uhusiano huu hata pale ambapo madawati yenyewe yamo chumba kimoja.

Nguvu ya kazi nayo ni fedha. Ukandikaji wa nyumba ulikuwa kazi ya siku moja ya watu wengi, vijana wakikanyaga udongo na wasichana wakileta maji, mwenye nyumba akitoa chakula. Vijana wakienda mjini, kaya ya wazee wawili hulazimika kuajiri. Boriti nazo zimekuwa adimu: Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982, na mwaka 2018 ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma, hatua iliyowagusa wakataji wa mikoko wa Lamu. Mikoko ni ukuta wa bahari na haifai kukatwa ovyo. Lakini aliyekatazwa mkoko bila ya kuonyeshwa mvinje wa kupandwa atanunua mbao laini, na mchwa watamaliza kazi kabla ya kimbunga.

7.0 Lugha ya tahadhari

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mpangilio huo ni wa Kiswahili safi na umeeleweka. Ugumu uko katika kitenzi kinachofuata. Wananchi hushauriwa kuchukua tahadhari. Mvuvi anajua la kufanya: haendi baharini, na akienda nahodha atalaumiwa kwa jina. Aliye nyumbani haambiwi ni tahadhari gani inayochukuliwa, wala ni nani kati ya waliomo anayeichukua. Kitenzi cha kutendwa, wanashauriwa, kina adabu, na adabu hiyo ina gharama yake: humwacha mtendaji bila jina. Mpangaji husikia mwenye nyumba akishauriwa, na mwenye nyumba husikia wananchi.

Kiswahili hakikosi zana za kulisema jambo hili. Kina jozi kama kuezeka na kuezua, ambamo tendo la fundi na tendo la upepo hutoka katika shina moja, na mtoto wa pwani huzijua zote mbili. Kina mwamba, kombamoyo, upenu na kofia ya bati, maneno yanayomwonyesha mtu mahali pa kuweka mkono. Taarifa inayosema «fungeni paa la baraza, shusheni mabati yaliyowekewa mawe, watoto walale upande usio na mti» haihitaji fedha wala hati ya ardhi, na inaweza kutekelezwa na mpangaji, na mjane, na mume aliye kwa wakweze. Inatosha saa sita kabla ya upepo. Matengenezo ya kudumu ni jambo jingine, na yanapaswa kuandikiwa watu wengine: warithi walio mbali, wenye ardhi wanaokataza saruji, kaka walio Marseille. Hadi sasa aina hizi mbili za maelekezo huchanganywa katika kijitabu kimoja kinachogawiwa kwa yeyote aliyekutwa nyumbani.

Kwa washauri wa sera, badiliko la kwanza linaweza kuwa katika fomu. Fomu ya tathmini iliyo na mstari mmoja wa mkuu wa kaya ingepaswa kuwa na mitatu: anayelala humo, mwenye jengo, na mwenye ardhi, kisha swali la nne, ni nani akisema paa lifunguliwe, hufunguliwa. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 inaendesha kazi kupitia kamati zinazoshuka hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na wajumbe wa mtaa wanayajua majibu ya maswali hayo manne kwa kila nyumba bila ya kufungua daftari. Pale ambapo majibu ni jina moja, ruzuku ya mabati na misumari itafanya kazi yake. Yakiwa majina manne, mabati yaliyotolewa kwa anayelala humo yanaweza kukaa yameegemezwa ukutani hadi masika ijayo, yakimsubiri mtu aliye Muscat atoe ruhusa.